Senge, Pakiti Yenye Selotepu Niliifungua Mimi

Naguru, Kampala
Jumapili mchana, mwezi wa nane

Senge,

Ni miaka sita na miezi minne tangu nitoke nyumbani na lile begi la kijani ulilonishonea zipu, na ni miezi minane tangu tukulaze upande wa kushoto wa nyumba yako. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili niliandika habari za mvua na habari za kazi, nikachana. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua ina salamu, halafu hali, halafu dhumuni. Niliishia darasa la saba, unajua, lakini hilo nalikumbuka. Salamu leo sina uso wa kuzileta. Hali yangu utaiona humu ndani. Dhumuni ni hili: pakiti ile iliyofungwa kwa selotepu niliifungua mimi. Si mtu wa duka la dawa. Ni mimi, kwa kisu cha kukatia katoni, na ulipouliza nilikudanganya.

Nimelisema. Ngoja nipumue kidogo.

Bado nabeba mizigo kwenye ile stoo ya baridi kule Nakasero, kwa Ssalongo. Bado ni tufaha, soseji, kuku waliogandishwa, na siagi ya hoteli. Ninaingia kwenye baridi nikiwa na jasho na kutoka kwenye jua nikiwa na baridi, na bega la kulia sasa linalia kama bawaba. Papa Eliya, yule Mkongomani ninayebeba naye, amepata mjukuu, na anatembea kama aliyemzaa yeye. Huko nyumbani ng'ombe wako amezaa dume. Nyumba yako baba mdogo ameifunga kwa kufuli. Nafula, binti yako, hakanyagi tena kwenu. Hilo la Nafula ndilo linalonikalisha chini kuandika, na nitalifikia.

Waganda wanasema ssenga, sisi tunasema senge, na wote tunamaanisha dada ya baba. Lakini mimi nikisema senge simaanishi shangazi wa kumsalimia Krismasi. Namaanisha mtu aliyenichukua nikiwa sijaota meno ya mbele na kunilea ndani ya moshi wa sukari nguru. Bado nakuona pale kwenye karai, kitambaa kimefunika pua, unakoroga maji ya miwa na kunifukuza nisisogee. Kila mara nilitaka kuchovya kijiko, na kila mara ulinipiga mkono. "Usiiguse na kitu cha baridi, wewe! Ikiguswa kabla ya saa yake inaota chembe. Ikishaota chembe haimwagiki tena." Siku moja niliichovya kweli, kwa kijiko kilichotoka mtungini. Karai zima likaharibika. Tajiri wa kinu alipouliza ni nani, ulisema umesinzia. Ulisema ni wewe.

Unaona, Senge? Nilifundishwa. Siwezi kusema sikufundishwa.

Koo lako lilipoanza kufunga njia, uji ukawa unapita kwa tabu, halafu ile dawa ya maji ya maumivu nayo ikawa inarudi kwenye kitambaa. Daktari wa kule akaandika plasta, ile dawa inayobandikwa kifuani na kuingia mwilini kupitia ngozi, moja kwa siku tatu. Kwenu hazikupatikana. Nafula akanitumia karatasi, nami nikazipata hapa, kwenye duka moja la dawa upande wa Mulago. Mwanamke mwenye duka, musawo kama Waganda wanavyomwita mtu wa dawa, aliisoma karatasi mara mbili, akapiga simu kwa daktari wenu, ndipo akanipa maboksi manne. Akanitazama usoni kama anayetazama mtoto anayetumwa dukani. "Ssebo, sikiliza. Hii weka mahali ya kukauka. Si kwa jua. Si kwa friji. Na usifungue mpaka siku ya kubandika. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Maboksi mawili niliyatuma wiki hiyo hiyo na kondakta wa basi. Mawili nilibaki nayo, nikiogopa kwamba yakipotea njiani yatapotea yote. Yale ya kwanza yalikufaa. Siku ya pili ulinipigia mwenyewe, sauti ndogo lakini ina kicheko ndani: "Wanjala, jana nimelala mpaka jogoo akaja kuchungulia kama nimekufa." Nilicheka hadi Ssalongo akauliza nimeokota nini. Wiki hizo nne ndizo nzuri za mwisho. Ulikaa nje. Ulimkosoa Nafula jinsi anavyochambua mboga. Nilijiona mtu.

Sasa yale mawili yaliyobaki. Chumba changu ni mabati juu na mabati ubavuni, na mchana kinachemka. Nilikumbuka musawo alisema si kwa jua, nikaona chumba changu na jua ni ndugu. Lile la friji nililisikia pia, Senge. Nisikudanganye tena. Nililisikia, lakini sisi watu wa stoo tuna dini yetu. Ssalongo anatuimbia kila asubuhi: "Kitu kama unapenda, peleka kwa balidi. Joto ni mwizi." Kwa miaka sita nimeona kitu cha maana kikikimbizwa kwenye baridi na kitu kisicho na maana kikiachwa uani. Nikaona musawo anasema vile kwa sababu friji za watu zina vyakula na harufu. Mimi nilikuwa na stoo nzima. Nikayatia maboksi kwenye kopo la siagi, nikalisukuma nyuma kabisa, chini ya kuku.

Papa Eliya aliniona. "Ndugu, unaweka dawa ya mama pamoja na soseji? Atapona akiwa amegandishwa!" Nikamwambia afunge mdomo, Mkongomani hajui mambo ya dawa. Akacheka: "Mkenya ndiye daktari, basi. Tumekubali."

Umeme ulikatika mara nyingi mwezi ule. Stoo ilipata joto, ikapoa, ikapata joto tena. Siku ya kutuma nililitoa kopo. Boksi moja lilikuwa limelainika kwa unyevu kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikapata wasiwasi. Nikachukua pakiti moja, nikaikata ukingo kwa kile kisu, nikaivuta plasta nje na kuiinua kwenye mwanga wa mlango.

Ile ya kwanza kabisa niliiona dukani, musawo aliponifungulia ya mfano. Ilikuwa safi, inapitisha mwanga. Hii ilikuwa na vitu vyeupe ndani. Vidogo, vyembamba, kama sindano zilizotawanyika, kama miguu ya buibui. Nilidhani ni barafu. Niliibana katikati ya viganja mpaka ikapata joto langu. Nikaiangalia tena. Vilikuwepo vilevile.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Si kwenye friza. Friza ni ujinga, na ujinga nilizaliwa nao. Ni hapo mlangoni. Kutoka Nakasero hadi lile duka kwa boda si mbali. Ningemwonyesha musawo. Lakini angeuliza nimeziweka wapi, na angesema, "Si nilikwambia?" mbele ya wateja, na mimi nimevaa gamubuti zenye damu ya kuku. Lori la tufaha lilikuwa limefika na Ssalongo anapiga makofi. Nikasema moyoni, dawa ni dawa, imekomaa tu. Nikairudisha plasta ndani, nikaziba ukingo kwa selotepu ya katoni, nikampa kondakta.

Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mwanamke wa koti jeupe kuliko nilivyoogopa maumivu yako. Sina njia nyingine ya kuliandika.

Ulinipigia siku ya nne. "Wanjala, hizi plasta zimeota chembe. Zimekuwa kama nguru iliyoguswa." Hujawahi kuona duka la dawa kwa ndani, Senge, lakini ulijua kwa macho tu. Nami nikakujibu nini? "Senge, umekuwa daktari siku hizi? Dawa ni ile ile. Nafula ndiye anabandika vibaya. Anakupaka mafuta kwanza, inateleza." Mafuta niliyatunga pale pale. Sijui hata kama alikuwa anakupaka.

 Halafu ukauliza, polepole, bila hasira: "Na hii moja ina selotepu. Uliifungua?"

Nikasema hapana. Nikasema labda wa dukani.

Ukasema, "Sawa, baba."

Basi. Hukulalamika tena. Nilipopiga uliniuliza kama Kampala inanyesha. Uliniuliza kama nakula. Nami nikajidanganya kwamba plasta zimeanza kufanya kazi. Nafula alipiga kwa simu ya jirani, akasema, "Kaka, Mama anauma upindo wa leso. Tumpeleke hospitali wamwangalie." Nikamwambia asubiri, anazidisha mambo, plasta huchukua muda. Na kwa sababu mimi ndiye mtu wa Kampala, mtu wa dawa, walinisikiliza. Ulikaa hivyo siku kumi na tisa. Leso ile niliiona nilipofika kukuzika. Upindo wote umetoboka.

Unakumbuka desturi yetu ya siku ya kunyoa nywele baada ya maziko. Uliipenda kwa sababu ulisema ndiyo siku pekee wanaume wanalazimishwa kusema ukweli. Baba mdogo alisimama katikati ya uwanja, wembe uko kwenye beseni, akauliza kama inavyoulizwa: "Mwenye neno na marehemu alitoe. Tukishanyoa, neno limezikwa." Mmoja alisema ulimsitiri mkewe siku za njaa. Mmoja akaomba msamaha kwa ugomvi wa mpaka. Mimi nilikuwa na neno. Lilifika hapa kooni, nikafikiri kuhusu koo lako, likarudi.

Halafu baba mdogo akalitoa la kwake. "Dawa imetoka nzima Kampala, imevuka mpaka salama, imekuja kuharibikia mkononi mwa mtu mvivu. Mafuta! Mtu anabandika plasta juu ya mafuta kama stempu juu ya samaki!" Watu wakacheka, Senge. Walicheka matangani kwako kwa neno nililotunga mimi.  Nafula aliniangalia mimi. Nami nikaangalia beseni.

Kesho yake, nikiwa na begi langu barabarani, alinifuata. Alinishikisha kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa. "Mama alisema nikupe hii. Akasema nisikuulize kitu." Akageuka akaenda. Nilikifungua ndani ya basi. Ilikuwa ni pakiti yenye selotepu, na plasta ndani yake, haijabandikwa. Uliitunza. Na Nafula amebeba jina la muuaji wa mama yake miezi minane, na hajauliza, kwa kuwa wewe ulimkataza.

Niliporudi huku niliipeleka kwa musawo. Hata hapo nilianza kwa uongo, nikasema ndugu zangu waliiweka kwenye friza. Aliinua ile plasta dirishani, akasema, "Bambi," kama mtu anayesema pole. Hakunigombeza. Alinivutia kiti akanieleza kama unavyoeleza mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Dawa iko ndani ya gundi yenyewe, imeyeyushwa mle, kama sukari kwenye chai, tena imejazwa mpaka mwisho wa kiasi gundi inachoweza kubeba. Ikiwa imeyeyuka, inatembea. Inatoka kidogo kidogo, inapenya ngozi. Ikipata baridi kali, ikapata joto, ikapata unyevu, inaweza kujikusanya na kurudi kuwa chembe ngumu. "Dawa haijapotea," alisema. "Iko yote hapa. Lakini chembe haziingii kwa ngozi. Mgonjwa amebandika dawa, na dawa imekaa nje." Akasema hawezi kuapa kwamba ni hiyo tu, ugonjwa nao ulikuwa unapanda. Alisema hivyo kunihurumia, na pia kwa sababu ni mtu wa kweli. Sikujificha chini ya huruma hiyo. Nikamwambia ni mimi. Akasema neno ambalo sijalimeza mpaka leo: "Ungekuja tu, ssebo. Ungekuja na hii moja, ningekupa zingine."

Angenipa zingine.

Nimefikiria sana lile neno la dawa iko yote lakini imekaa nje. Siku zote kumi na tisa ilikuwa kifuani mwako. Unaipapasa kwa kidole, unaijua ipo, na haiingii. Na wewe uliyekaa miaka kwenye karai ulijua kwa nini, na ukanyamaza ili nisiaibike. Mara ya pili ulisema umesinzia.

Wiki iliyopita baba mdogo alinipigia. Mwezi wa kumi na mbili wanafanya maombi ya kumbukumbu yako na kulijengea kaburi. Anataka mimi nizungumze kwa niaba ya familia, kwa kuwa, alisema, "ndiwe uliyehangaika na dawa." Nikauliza, Nafula je? Akasema atakaa nyuma na wageni, chungu cha maombi hatakigusa. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa stoo, pale pale. Nilisema nitazungumza. Alishukuru sana. Hajui anashukuru nini.

Papa Eliya nimemweleza yote wakati wa chakula, tukiwa tumekalia makreti. Nilidhani atanikumbusha za soseji. Hakunikumbusha. Alitafuna, akasema: "Sema fupi. Ukisema refu utaanza kujitetea." Basi nimeiandika fupi, na nimeikariri kwa sababu sijiamini. Ni hii: *Mafuta niliyatunga mimi. Dawa niliiharibu mimi kwenye friza, nikaiona imeharibika, nikaituma. Senge aliniambia, Nafula aliniambia, nikawanyamazisha. Nafula hana kosa.* Halafu nitaitoa ile pakiti waione selotepu, mkono kwa mkono, mpaka imfikie baba mdogo. Wakicheka, wanicheke mimi. Wakininyima chakula, nitakaa nyuma na wageni.

Najua siku ya kunyoa imepita na watu watasema neno limekwisha kuzikwa. Nitalifukua. Kukuomba msamaha ni rahisi, Senge. Wewe umelala na hujawahi kuninyima kitu. Ninayemwogopa ni Nafula, maana yeye yuko hai na anaweza kukataa, na ana haki. Kwa hiyo sitaanzia kwenu. Nitaanzia kwake. Nitasimama nje ya ua wa mumewe na kumwambia kabla hajaambiwa na uwanja, na asiponifungulia nitasemea hapo hapo mlangoni, kwa sauti, majirani wakisikia.

Lala, Senge. Usinisitiri safari hii. Nikisimama pale mbele ya kaburi, usije moyoni mwangu na ile "Sawa, baba" yako kabla sijamaliza.

Ssalongo amenipa ruhusa ya siku saba. Basi linaondoka Jumatano ya kwanza ya Desemba. Alhamisi asubuhi nitakuwa kwa Nafula. Ijumaa, akitaka kuja, tutakuja wawili.

Wanjala